Mkuu Mpya wa Ufundi: Tumchague Nani?



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi za ufundi. Nimechagua swali moja: kampuni ndogo ya elektroni inapotafuta mkuu wa ufundi, imtafute mtu wa namna gani?

Swali hili ni letu. Toka Mwadui, ambako Dk. Williamson alianzisha mgodi wa almasi mwaka 1940, hadi Bulyanhulu na Geita, mitambo ya migodi hutegemea vyombo vya elektroni. Almasi nyingi hung'aa zikipigwa miali ya eksirei. Ipo mashine inayouona mwanga huo na kuipuliza almasi kwa hewa, itengane na mawe mengine. Mashine ya namna hiyo ikizimika, kazi inasimama. Je, fundi wa kuitengeneza lazima aagizwe kutoka ng'ambo?

Tuwatazame Wajapani. Mwaka 1946 Masaru Ibuka na Akio Morita walianzisha kampuni mjini Tokyo, yenye watu wapatao 20. Mwaka 1955 ikauza redio ya transista. Mwaka 1956 ikamwajiri mwanafizikia Leo Esaki. Wakati huo baadhi ya transista ziliharibika kiwandani baada ya kuzidishiwa fosforasi. Mwingine angeamuru zitupwe, basi. Esaki alitaka kujua sababu. Mwaka 1957 uchunguzi wake ulimfikisha kwenye diodi ya aina mpya, na mwaka 1973 akawa mmoja wa waliopewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia.

Lakini, ndugu zangu, mwaka 1960 Esaki alihamia IBM, Marekani. Kampuni, ambayo tangu 1958 ilikuwa ikiitwa Sony, haikufa. Ilikuwa na mafundi wengine wenye ujuzi. Hapo ndipo penye somo.

Kwa hiyo, mwenye kampuni Kahama au Geita ayapime mambo matatu. Kwanza, ampeleke mwombaji kwenye meza ya kazi, ampe chombo kibovu. Cheti kisomwe baadaye. Pili, amwulize atafanyaje chombo kistahimili vumbi letu, joto letu na umeme unaopanda na kushuka. Tatu, amwulize: "Siku utakapoondoka, utatuachia nini?" Asiye na jibu la tatu, hata akiwa bingwa, ataondoka na kampuni mfukoni.

Kanuni za mwaka 2018 za kuwashirikisha Watanzania katika madini zinaitaka migodi iwe na mpango wa Mtanzania kurithi nafasi ya mgeni. Kampuni ndogo ijiwekee sharti hilo yenyewe: kila mkuu awe na msaidizi kijana, na kila matengenezo yaandikwe daftarini. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji hataponaje kwa kutazama tu? Naye ashike chombo.

Nanyi vijana, msingoje kuitwa wakuu. Fizikia na hisabati mnazofundishwa hapa ndizo zitakazoulizwa kwenye meza ile. Nasi tuliotangulia, wenye karakana na kampuni, tuwafungulie milango wakati wa likizo. Tukiwafungia leo, kesho tusilalamike kwamba wakuu wote wanatoka mbali.