Wanasheria Wachanga Mbele ya Akili Mnemba



Katika familia nyingi za Bahi, Kongwa na Mpwapwa, mtoto akisoma sheria, ujue kuna ng'ombe waliouzwa. Wazazi hao hutuuliza iwapo kazi ya mtoto wao itakuwapo, maana wamesikia kwamba akili mnemba, yaani programu za kompyuta zinazosoma maandishi mengi na kutunga mengine, sasa inaandika mikataba. Swali lao ni la haki. Hatutalijibu kwa kuwatia hofu, wala kwa kuwabembeleza.

Wakili mchanga hakuanza kazi kwa kusimama mbele ya Jaji. Alianza kwa kubeba majalada. Alitumwa masjala kuulizia tarehe ya shauri. Alipekua vitabu akitafuta hukumu za zamani. Aliandika rasimu ya kiapo, mkubwa wake akaichora kwa wino mwekundu, naye akairudia mara ya tatu. Malipo yalikuwa haba, pengine nauli tu. Lakini hapo ndipo alipojifunza kwamba neno moja lililokosewa katika hati ya madai laweza kumpotezea mtu shamba. Kazi hizo zilidharauliwa, kumbe ndizo zilizokuwa shule yenyewe.

Na ndizo ambazo akili mnemba inazichukua kwanza. Hukumu za mahakama zetu zinapatikana bure katika mtandao wa TanzLII. Mahakama ya Tanzania, yenye makao makuu yake hapa Dodoma, imeanza kutumia mfumo wa akili mnemba unaonukuu na kutafsiri mwenendo wa mashauri, kazi ambayo hakimu aliifanya kwa mkono wake. Hatusemi kwamba ni vibaya. Mwananchi anayesubiri nakala ya mwenendo ili akate rufaa hana sababu ya kulilia kalamu. Lakini ofisi iliyohitaji vijana watatu wa kuandaa rasimu yaweza kuona kwamba mmoja anatosha.

Ikumbukwe kuwa malezi haya yalikuwa na udhaifu hata kabla ya mashine. Mwaka 2022, kati ya wanafunzi 633 wa Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ni 26 tu waliofaulu mitihani yao yote, hata Serikali ikaunda kamati ya kuchunguza.

Mwaka 2023, huko New York, mawakili wawili na ofisi yao walitozwa faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha mahakamani hukumu ambazo hazikuwahi kutolewa, mashine ilizibuni. Mmoja wao alikuwa wakili kwa miaka 30. Kama mzoefu alidanganyika, mchanga asiye na mkubwa wa kumsahihisha atafanyaje?

Tutazame kwetu, ambako migogoro ya ardhi haijakoma tangu Dodoma ilipochaguliwa kuwa makao makuu mwaka 1973. Chukulieni mjane wa Chamwino aliyenyang'anywa shamba. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata husuluhisha tu, haliamui. Usuluhishi ukishindikana, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Maandishi mengi ya zamani, ambayo mashine imelishwa, bado yanasema Baraza la Kata laamua. Kijana akinakili jibu hilo bila kulihakiki, atampeleka mama huyo mahali pasipo na mamlaka, na siku zitapita. Tena mashine haiketi naye shambani, haisikii Kigogo chake, haioni ule mnyaa mzee ambao majirani wote wanaujua kuwa ndio mpaka.

Kwa hiyo mawakili walio waumini wa parokia zetu tunawaomba jambo moja: kila mmoja amchukue kijana mmoja aliyehitimu, aende naye mahakamani na mabarazani, amruhusu kutumia mashine akipenda, kisha amdai aonyeshe kila kifungu na kila hukumu aliyoitaja ilikotoka. Wasaidizi wa kisheria, ambao Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua, nao wawapokee vijana hao vijijini. Nauli isiwe kikwazo. Yaweza kutoka katika mfuko wa jumuiya, na halmashauri za parokia zaweza kulijadili hilo katika kikao kijacho.