Neno Gumu Kinywani mwa Mpelelezi: Kutoka Riwaya hadi Filamu, Kutoka Filamu hadi Kiswahili



Riwaya ya upelelezi si ngeni katika Kiswahili. Muhammed Said Abdulla alimleta Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960. Faraji Katalambulla akafuatia na Simu ya Kifo mwaka 1965. Mwaka 1974 Elvis Musiba akamtoa Willy Gamba katika Kufa na Kupona. Bwana Msa hufumbua fumbo kwa kufikiri. Willy Gamba hulifumbua kwa ngumi na bastola. Mpelelezi wa aina hii ya pili alikwisha kukomaa Marekani miongo kadhaa kabla, na kielelezo chake mashuhuri ni Sam Spade wa The Maltese Falcon, riwaya ya mwaka 1930 ya Dashiell Hammett, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mpelelezi wa kampuni ya Pinkerton.

Mhadhara huu unakusudia kuchunguza jambo moja: maneno ya mpelelezi huyo yanapohama kutoka kitabuni hadi kwenye filamu, na kutoka kwenye filamu hadi sikioni mwa Mswahili, ni nini kinachosalia?

Hammett hakuingia hata mara moja moyoni mwa Spade. Msomaji huviona vidole vikisokota sigara. Haambiwi mwenye vidole anawaza nini. Kwa sababu hiyo riwaya yenyewe ilikuwa kama inayoisubiri kamera. Iliigizwa mwaka 1931, ikageuzwa kichekesho kwa jina jingine mwaka 1936, kisha mwaka 1941 John Huston, katika filamu yake ya kwanza akiwa mwongozaji, akampa Humphrey Bogart nafasi ya Spade. Huston aliyahifadhi mazungumzo mengi ya kitabu kama yalivyo. Hata hivyo, alikiacha kisa cha Flitcraft, mtu aliyenusurika kuuawa na boriti iliyoanguka kutoka juu ya jengo, akaitelekeza familia yake, kisha akajenga katika mji mwingine maisha yaleyale aliyoyakimbia. Kisa hicho hakisogezi upelelezi mbele, lakini ndicho kinachomkaribia Spade kuliko kingine chochote.

Kwa mwanaisimu, mfano wenye mafunzo zaidi ni neno moja. Spade humwita Wilmer, kijana mwenye bastola anayemlinda Gutman, "gunsel". Neno hilo lina asili ya Kiyidi, lenye maana ya kinda la bata bukini, na katika lugha ya mitaani lilimtaja mvulana anayewekwa na mwanamume mzima kwa ajili ya ngono. Wengi walilidhania kuwa ni jina la mtu mwenye bunduki, nalo likapita kitabuni na kwenye filamu licha ya udhibiti mkali wa wakati ule. Baadaye maana hiyo ya kudhania ikawa maana halisi katika Kiingereza cha Marekani. Hadhira haikuifasiri kamusi. Ilifasiri tukio lililokuwa mbele ya macho yake.

Sasa na tuchukulie kwamba filamu hiyo inaonyeshwa katika kibanda cha video huko Machochwe, kata ya Wilaya ya Serengeti mkoani Mara, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Wengi wa watazamaji wamelelewa kwa Kikuria, na Kiswahili wamekipata baadaye. Mfasiri atamwita Wilmer nani? "Kijana" ni heshima, tusi limepotea. "Jambazi" linarudia kosa la wahariri. Lakini "mtoto", neno jepesi kwingineko, huku lina uzito: miongoni mwa Wakuria tohara ndiyo mpaka wa utoto na utu uzima, na mwanamume aliyekwisha kuuvuka hakubali kurudishwa nyuma. Neno hilo halisemi yote yaliyosemwa na Spade. Hata hivyo linamchoma Wilmer palepale alipochomwa, yaani katika uanaume wake.

Liko tatizo la pili. Wasimulizi wa filamu nchini Tanzania, kama Derek Mukandala aliyejulikana kwa jina la Lufufu, hawakutafsiri maneno tu. Walieleza, walionya na walitania. Sanaa hiyo imewafungulia wengi milango ya filamu za kigeni, na haistahili kubezwa. Lakini katika kisa hiki, msimulizi akitangaza mapema kwamba mwanamke anayelia mbele ya Spade ndiye muuaji, upelelezi wote umekwisha. Akieleza kwamba Spade anampenda, amejaza pengo ambalo Hammett aliliacha kwa makusudi. Na Spade anapomkabidhi kwa polisi, mtazamaji ananyimwa haki ya kujiuliza kama alimpenda kweli.

Hivyo basi, mfasiri wa kisa cha namna hii anahitaji stadi mbili: kulitafuta neno litakalouma mahali linaposikiwa, na kunyamaza pale mtunzi aliponyamaza. Stadi ya kwanza hufundishwa vyuoni. Ya pili bado haijapewa nafasi inayoistahili katika mitaala ya tafsiri, na ni wajibu wa idara za Kiswahili kuipatia nafasi hiyo.