Safu Ndefu na Njia Panda

Wasikilizaji wetu, leo twataka kuzungumza juu ya swichi, yaani mitambo midogo ielekezayo ujumbe ndani ya kompyuta na ya simu. Jambo hili laonekana kuwa la mbali, lakini sisi tukaao Mwanza twalielewa upesi, kwa kuwa tulikijua kivuko cha Kigongo.

Kabla ya daraja la Kigongo na Busisi kufunguliwa mwezi wa Juni 2025, magari yaendayo Sengerema na Geita yaliingojea pantoni pale ufukweni. Na tufanye hesabu ya mfano. Tuseme pantoni yavusha malori 20 kwa saa, nayo yafikayo ni 25. Kila saa malori 5 husalia. Uwanja wa kungojea wenye nafasi 40 hujaa kwa saa 8, na lori la mwisho hungoja saa 2. Mtu atasema, “Upanueni uwanja!” Haya, tuupanue uwe na nafasi 100. Utajaa kwa saa 20, na lori la mwisho litangoja saa 5. Pantoni haikuvusha hata lori moja zaidi. Tumeongeza kungoja tu.

Tena, uwanja ukijaa, safu hurudi nyuma barabarani. Ikifika njia panda ya Usagara, lori la dawa liendalo Shinyanga husimama pia, ingawa halina haja ya kuvuka maji. Kosa si lake, lakini wagonjwa waingojao dawa ile ndio waumiao.

Ndivyo ilivyo katika swichi zilizopangwa kwa hatua. Kila swichi ndogo ina milango miwili ya kutokea, kulia na kushoto, pamoja na nafasi chache za kungojea. Hatua 3 zatosha kuchagua mlango mmoja katika 8. Hatua 10, mmoja katika 1,024. Ujumbe ukigawanyika sawasawa, kazi huenda vema. Lakini mwaka 1985 Pfister na Norton, wataalamu wa kampuni ya IBM, walionyesha ya kuwa sehemu ndogo tu ya ujumbe ikizidi kuelekea mahali pamoja, nafasi za kungojea hujaa hatua kwa hatua kurudi nyuma, mfano wa mti kutoka shina hata matawi. Na hata ujumbe uendao kwingine huchelewa.

Basi yatupasa kufanyaje? Kwanza, kila upande uwe na safu yake, ili wa Shinyanga asifungwe nyuma ya wa Geita. Pili, iwepo njia nyingine, kama kivuko cha Kamanga kifikishacho watu Sengerema. Tatu, ikiwa mlango wa mwisho wenyewe ndio uliozidiwa, wasafiri wazuiwe kidogo huko huko watokako.

Enyi wanafunzi, mwonapo safu ndefu, msiulize kwanza ukubwa wa uwanja. Ulizeni ni mlango upi uliozidiwa, na ni nani afungwaye bure nyuma yake. Kwaherini.