WAKILI WA MAJENGO NA GHALA LETU
(Maneno ya Kamati ya Ujenzi kwenye mkutano wa wanachama)



Tumeombwa maneno haya yabandikwe ukutani kwa ajili ya wenzetu waliokuwa shambani siku ya mkutano.

Wengine mliuliza, wakili anahusikaje na ghala la mpunga? Si wa kesi za wizi na mirathi? Jamani, wapo mawakili ambao kazi yao maisha yote ni ugomvi wa ujenzi tu. Kule Uingereza wakubwa wao huitwa Washauri wa Mfalme, na mara nyingi husimama mbele ya msuluhishi, si hakimu. Kwetu, Baraza la Taifa la Ujenzi, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, nalo lina kanuni zake za usuluhishi. Wakili huyo hashiki mwiko. Anasoma makaratasi: mkataba, michoro, barua, risiti. Anatafuta walikubaliana nini, na nani aliandika siku ile ile jambo lilipotokea.

Chukueni mvua. Mkandarasi atasema, mvua imenichelewesha, niongezeeni siku. Mikataba mingi ya ujenzi humwongezea siku kwa mvua isiyo ya kawaida tu. Sasa mvua ya Aprili katika bonde hili la Kilombero ni ya ajabu kwa nani? Hata mtoto anajua mbuga itajaa. Aliyepanga kuchimba msingi mwezi huo kajitakia. Lakini mafuriko yakija Agosti ana haki yake, nasi tusimnyime. Na kisingizio cha saruji kungoja pantoni, hicho kimekwisha tangu Daraja la Magufuli lizinduliwe mwaka 2018.

Ila wakili hata awe mkubwa vipi hana la kusema kama hakuna aliyeandika kwamba siku fulani mvua ilinyesha mpaka saa nane, mafundi walikuwa 6, saruji ikafika mifuko 40.

Serikali yenyewe imeyapitia. Mwaka 2005 ilitangaza kuvunja mkataba wa maji wa Dar es Salaam na kampuni ya City Water. Wenye kampuni, Biwater Gauff, wakaenda kushtaki kwenye kituo cha usuluhishi cha Benki ya Dunia. Mwaka 2008 wasuluhishi walisema Serikali ilikosea namna ilivyoiondoa kampuni, lakini hawakuamuru ilipwe fidia hata senti moja. Kampuni ilikuwa imekwisha kushindwa kazi kabla, na ushahidi ulikuwepo.

Fedha ya ghala imetoka kwenye mpunga wetu, gunia kwa gunia. Kwa hiyo Kamati inapendekeza tulipe kazi iliyopimwa tu, na asilimia 10 ibaki mkononi mwetu mpaka paa lionje masika moja.

Daftari la kazi lipo kwa Katibu. Tunataka watu wawili, mama mmoja na kijana mmoja, wa kuandika kila jioni tangu msingi utakapoanza. Majina yafike kabla ya Jumamosi.

Kamati ya Ujenzi