Waya Chini ya Bahari na Sheria za Mataifa

Wasikilizaji wetu, leo tunapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo lisiloonekana kwa macho, nalo lamgusa kila mtu mwenye simu, hata yule akaaye mbali na pwani.

Mkulima wa Goba, kando ya mji wa Dar es Salaam, akimpelekea nduguye aliyeko Uingereza picha kwa simu yake, yamkini adhani kwamba picha ile yaruka angani safari nzima. Sivyo. Hupokewa na mnara ulio karibu, hupita katika waya uliofukiwa ardhini, kisha huingia baharini ndani ya waya mwingine, ambao siku hizi twauita mkongo. Mkongo wa Seacom ulianza kazi Dar es Salaam mwaka 2009, na wa EASSy mwaka 2010. Ndani yake mna nyuzi za kioo, nyembamba kama unywele, na habari hupita humo kwa mwanga.

Waya za baharini si jambo geni kwetu. Mwaka 1879 kampuni ya Kiingereza iliiunganisha Unguja na Aden kwa waya wa simu. Baadaye hata habari za Wadachi, waliotawala Dar es Salaam, zilipita Unguja mikononi mwa Waingereza kabla ya kufika Ulaya. Basi Wadachi walitambua kuwa siku ya vita mlango huo utafungwa. Kwa hiyo wakajenga Dar es Salaam kituo cha simu ya upepo, yaani simu isiyohitaji waya, chenye mlingoti mrefu.

Na sheria je, ilisemaje? Tarehe 14 Machi 1884 mataifa mengi, pamoja na Uingereza na Ujerumani, yalitia sahihi mkataba mjini Paris. Mkataba huo ulisema kwamba mtu akikata waya wa baharini kwa kusudi au kwa uzembe, aadhibiwe. Lakini kifungu cha 15 kiliongeza kwamba maneno hayo hayawafungi mikono walio vitani. Ngao ilitolewa wakati wa amani, ikaondolewa wakati wa vita, ndipo ihitajiwapo zaidi.

Matokeo yake yalionekana mwezi Agosti 1914. Uingereza iliingia vitani tarehe 4, na kesho yake meli yake ikazikata nyaya za Ujerumani baharini. Tarehe 8 manowari iitwayo Astraea ilikuja mbele ya Dar es Salaam ikapiga mizinga, ikikitafuta kile kituo cha simu ya upepo. Wadachi wenyewe wakauangusha mlingoti wao. Wenyeji wa mji hawakuwa na shauri katika ugomvi ule, walakini mizinga ilipigwa kwao. Chombo cha habari kilikuwa kimeugeuza mji wao kuwa shabaha.

Pengine mtasema hayo ni ya kale. Tutazame mwaka 2024. Mwezi wa Februari, katika Bahari ya Shamu, meli iitwayo Rubymar ilipigwa kombora na Wahuthi wa Yemen. Mabaharia wakaiacha, nayo ikachukuliwa na maji huku ikiburuta nanga, na hatimaye ikazama. Katika siku hizo mikongo mitatu ilikatika, na wa Seacom mmojawapo. Yasadikiwa kuwa nanga ile ndiyo iliyoikata. Tarehe 12 Mei mikongo ya Seacom na EASSy ilikatika, safari hii upande wa kusini, na intaneti ikazorota Tanzania na nchi jirani.

Sasa tuulize: kwa nanga ile ya Rubymar, nani ashitakiwe? Mkataba wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1985, waiagiza kila dola itunge sheria ya kumwadhibu akatae waya akiwa katika meli yenye bendera ya dola hiyo. Rubymar ilipeperusha bendera ya Belize, nchi ya Amerika ya Kati. Aliyerusha kombora alikuwa Yemen. Aliyekosa habari yuko Goba. Mkataba hauwapi watu wa Goba njia iliyo nyepesi ya kudai haki yao.

Twaona, basi, kuwa kila chombo kipya cha habari huja na nguvu mpya, na wenye nguvu hukigombea kabla sheria haijakifikia. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Yatupasa kuwa na njia nyingi za mawasiliano, hata ikikatika moja isibaki kiza. Yawapasa manahodha kusoma ramani kabla ya kutia nanga. Na wajumbe wetu waendao katika mikutano ya mataifa yawapasa kudai kwamba waya uwahudumiao watu wasiopigana ulindwe hata wakati wa vita. Madai hayo yapaswa kutolewa sasa, wakati wa amani. Vita ikianza, hakuna atakayeyasikiliza.