Moshi utaukimbia, samaki je?



Kuna ndugu huniuliza: watu wa Lamu walikataaje mtambo wa makaa ya mawe na vijana hawana kazi? Swali la haki. Kazi twataka. Lakini mvuvi naye ana kazi, na ana mapafu.

Mtambo ule wa Kwasasini ulipangiwa megawati 1,050. Makaa ya mawe yakichomwa hutoa chembechembe ndogo mno, unywele mmoja wazishinda unene mara 30 hivi. Pua haizizuii. Zashuka hadi ndani kabisa ya mapafu, nyingine zaingia kwenye damu. Hapo si kikohozi tu: ni pumu, ni moyo, ni kiharusi.

Halafu kuna zebaki. Hutoka na moshi, huanguka baharini, huingia kwa samaki, na wakubwa kama papa ndio hubeba zaidi. Mama mjamzito akila kwa wingi, unaodhurika ni ubongo wa mtoto tumboni. Na sisi wa pwani kitoweo chetu ni kipi?

Tarehe 26 Juni 2019, jopo la kitaifa la mazingira lilifuta leseni ya mtambo ule, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Haki hiyo si ya Lamu peke yake. Mradi ukija kwenu, itisha ripoti ya athari za mazingira, fungua palipoandikwa moshi na afya. Hujaelewa? Simama mkutanini, uliza mpaka uelezwe kwa Kiswahili.

Wabillahi tawfiq.