Wito ni wa Kijana, si wa Familia
Mada kwa semina ya kamati za miito za parokia



Nimeombwa nianze na maana ya wito. Nitafanya haraka, maana humu ndani hakuna asiyeijua. Wito wa kwanza ni wa ubatizo: Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Lumen Gentium ya mwaka 1964, ulifundisha kwamba waamini wote wa kila hali wanaitwa kuwa watakatifu. Njia ndizo mbalimbali: ndoa, upadre, utawa, useja wa mlei. Kuitafuta iliyo yako huitwa kupambanua. Mtakatifu Inyasi wa Loyola alijifunza kupambanua akiwa kitandani, baada ya kuvunjwa mguu na kombora la mzinga huko Pamplona mwaka 1521. Akiwaza ushujaa wa vita alifurahi, kisha akabaki mkavu; akiwaza kuwaiga watakatifu aliosoma habari zao, furaha haikumtoka. Maana imetosha.

Sasa nije kwenye lililonikalia kooni kwa miaka yote niliyokaa kwenye kamati hii, mimi mwalimu mstaafu na mlei.

Mtoto yuko darasa la sita. Anatumikia vizuri altareni, basi nyumbani wameshaanza kumwita Padre. Akichaguliwa seminari ndogo, jumuiyani mama yake anakuwa Mama Padre, na mtoto mwenyewe hata sauti haijavunjika. Katika usaili namuuliza mtoto: kwa nini unataka upadre? Mama anajibu. Namgeukia tena mtoto, naye anamtazama mama. Tuseme ukweli pia, baadhi yetu tunatafuta shule nzuri yenye nidhamu. Kutafuta shule si dhambi, ila tusiijazie fomu ya wito.

Miaka inakwenda. Kijana anafika falsafa, anafika teolojia, na huko ndani ya moyo wake anaona njia hii si yake. Ataanzia wapi kusema? Ukoo umeshachangishana, na ng'ombe wa sherehe anajulikana kwa rangi.

Parokiani kwetu kijana mmoja alirudi akiwa mwaka wa pili wa teolojia, kwa hiari yake na kwa baraka za walezi wake. Baba yake akamwagiza aseme yuko likizo. Likizo hiyo ilidumu miezi minane. Misa alisali parokia ya jirani, ile ya alfajiri, akikaa kiti cha nyuma kabisa. Hakuna mjumbe wa kamati aliyekwenda kumwona, nami nikiwemo. Leo anafundisha fizikia, ana mke na watoto, wanafunzi wanampenda. Kwao bado ni "yule aliyeshindwa". Ameshindwa nini? Alipambanua, akapata jibu. Seminari ilifanya kazi yake.

Bila kuingilia madaraka ya wakubwa wetu, wenye neno la mwisho katika mambo haya, naomba kukumbusha Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983. Kanuni ya 219 inampa kila mwamini haki ya kuchagua hali yake ya maisha bila kushurutishwa. Kanuni ya 1026 inakataza kabisa kumlazimisha mtu, kwa namna yoyote ile, apokee daraja. Na ya 1036 inamtaka anayekaribia daraja aandike tamko kwa mkono wake kwamba anakuja kwa hiari. Kwa mkono wake, ndugu zangu, si kwa mkono wa mama.

Mapendekezo yangu si mapya. Yamo katika kumbukumbu za semina tatu zilizopita. Mzazi asikae chumba cha usaili. Mtoto asiitwe Padre, wala mama yake Mama Padre, kabla ya wakati wake. Frateri akirudi, kamati imtembelee ndani ya wiki hiyohiyo, na paroko ampe kazi inayoonekana: kwaya, katekesi, vijana. Dominika ya Mchungaji Mwema, tunapoombea miito, asisimame sista na frateri tu. Asimame pia muuguzi, fundi seremala, na wanandoa wa miaka arobaini, waeleze walivyoitwa. Binti anayerudi kutoka unovisi apokewe vilevile, maana yeye hata likizo hasingiziwi, anafichwa kabisa. Na narudia, mzazi asikae chumba cha usaili. Kama kikao hiki kitapitisha pendekezo moja tu, liwe hilo.

Fomu za mwaka huu ziko mezani kwa katibu. Ukurasa wa pili una nafasi ya mistari sita, "Maelezo ya mwombaji". Wenyeviti, nawasihi, mtoto aijaze mwenyewe, hata akiandika mstari mmoja wenye makosa.